Ukuta Mnene wa Mama Gideoni

“Mama Gideoni, mbona ukuta wako ni mnene kuliko wa watu wote hapa Matembwe?”

Zipora aliuliza hivyo siku aliyokuja kuomba moto. Alikuwa bibi arusi mpya kwenye nyumba ya jirani, hajajua bado lipi huulizwa na lipi huachwa. Alisimama sebuleni na kigae chake, akipapasa ukingo wa dirisha, na mkono wake ulizama karibu mpaka kiwiko kabla ya kutokea nje.

Anyisile hakuacha kupepeta ulezi wake.

“Wanangu wamo humo,” alisema.

Zipora alicheka. Alidhani ni utani wa Wakinga, maana Anyisile hakuzaliwa Matembwe. Alitoka Ipelele, huko juu Makete kwenye baridi kali, akaolewa Ubena na Kornelio, mpasua mbao. Lakini Zipora alipoona mwenzake hacheki, kicheko kilimfia mdomoni. Akaondoka haraka, moto akausahau. Ikabidi Anyisile autie kwenye kigae kingine, amfuate nao nyumbani kwake, aketi naye jikoni na kumweleza. Tangu siku ile wawili hao hawakuachana.

Alimweleza hivi. Kwao Ipelele, upande wa mama yake, mtoto akitolewa nje kwa mara ya kwanza, mama huponda udongo laini akausiriba ukutani sebuleni, mahali panapofikiwa na mwanga wa mlango. Kisha hukikunjua kiganja cha mtoto, maana watoto wachanga hufumba mikono kama wanaoficha kitu, akakibonyeza kwenye udongo ule mbichi. Ni ili nyumba imjue mwana wake. Na mtoto akifa, mama yule yule hukifunika kiganja kwa udongo mpya, ili nyumba isiendelee kumwita mtu asiyeweza kuitika. Basi, hivyo tu. Hakuna tambiko, wala hakuna mzimu unaotajwa.

Hata hivyo mzee mmoja wa kanisa alipata kumjia kwa jambo hilo. Akautazama ukuta, akakohoa.

“Mama, hizi si zile ibada za giza tulizoziacha?”

“Mzee wangu,” Anyisile alimjibu kwa adabu, “Mungu mwenyewe alimfinyanga mtu kwa udongo. Mimi nabonyeza tu.”

Mzee aliondoka akitikisa kichwa. Kesho yake mke wake akaja kuomba udongo mwekundu wa kupambia nyumba.

Maana Anyisile alikuwa fundi. Mama yake alimwachia kazi hiyo mikononi kama wengine wanavyoachiwa shamba. Udongo mweupe aliuchota bondeni, kwenye chemchemi. Mwekundu aliufuata mahali barabara ya Njombe ilipochimbwa. Mweusi ni masizi ya chungu. Brashi yake ilikuwa kipande cha mwanzi alichokitafuna ncha mpaka kikawa na nyuzi. Kwa vitu hivyo aliweza kumfanya kuku asimame ukutani ukatamani kumfukuza.

Gideoni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzaliwa, na kiganja chake ndicho kilichobonyezwa kwanza. Akafuata Tabea, aliyechukuliwa na surua akiwa amekwisha kujifunza kukimbiza vifaranga. Siku ya kumfunika, Anyisile aliona vibaya kuweka kiraka juu ya mtoto kama mtu anayeziba suruali. Akausiriba ukuta mzima, kutoka kona hadi kona. Alipofika kwenye kiganja cha Gideoni alikizunguka kwa ncha za vidole, taratibu, asikiguse. Ukuta ulipokauka akachora juu ya Tabea kuku mwenye vifaranga.

Baada ya Tabea, Elieza, kwa kifaduro. Ukuta ukasiribwa tena wote, kiganja cha Gideoni kikazungukwa tena. Juu ya Elieza alichora mianzi, kwa kuwa mtoto yule alipenda kulala chini ya mianzi akisikiliza upepo. Baada ya Elieza, Kristina, ambaye hakumaliza hata kuzoea mwanga. Huyo Anyisile hakujua amchoree nini, maana alikuwa hajapata kupenda kitu. Akachora duara lenye nukta nyeusi katikati. Watu wote waliolitazama walisema ni jua. Zipora peke yake ndiye aliyeambiwa kwamba lile ni titi.

“Ndicho kitu pekee alichokijua,” Anyisile alisema. “Nimchoree nini kingine?”

Zipora alijifuta macho kwa upindo wa kanga.

Ndivyo ukuta ulivyonenepa. Na kwa kuwa kila mara kiganja cha Gideoni kiliachwa wazi, kikabaki ndani, kwenye shimo linaloongezeka kina, kama kitu kilichowekwa chini ya bakuli. Gideoni akiwa mdogo alipenda kuingiza mkono humo ajipime. Mkono ukaacha kuenea, akawa anaingiza ngumi, mwishoni vidole viwili tu.

“Mama, wenzangu wote umewachora vizuri,” alilalamika siku moja. “Mimi umeniacha shimoni.”

“Si shimoni, baba. Wewe ndiye dirisha langu.”

Gideoni akawa kijana mrefu, mwembamba, mwenye kupenda kuchora kwa makaa kila panapochoreka, mpaka mwalimu akamchapa kwa kuchafua ukuta wa shule. Vita ya Hitler ikaisha. Miaka ile malori yalikuwa yanapanda kila mara kuchukua vijana kwenda Tanga kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa sababu huko mtu alijulikana kwa namba kabla ya jina. Vijana wa rika la Gideoni walikwenda, wakarudi na mablanketi mazito na masanduku ya bati yanayong’aa, na wasichana wakawatazama. Gideoni naye akataka. Alitaka baiskeli, na alitaka bati kwa nyumba ya mama yake ili mvua ikome kuuonea ule ukuta.

Asubuhi ya kuondoka aliinama, akaingiza vidole viwili kwenye tundu lake, akacheka. Baba yake akamsindikiza mpaka Makambako kwenye kambi ya kuandikishia. Anyisile aliishia mtoni. Alitaka kumwambia kitu lakini kilichomtoka kilikuwa, “Usilale na nguo mbichi.”

Mkataba wake ukaisha. Wenzake wakarudi, yeye hakurudi. Mmoja alisema Gideoni alihamia shamba jingine. Mwingine akasema labda ameoa Mbondei, wanawake wa kule wanajua kumfunga mtu. Anyisile alicheka pamoja na wasemaji, kisha akaenda kulia kwenye msitu wa miwati, ambako mtu akisikika hudhaniwa ni ndege.

Kisha Kornelio akashikwa na kifua. Alilala kitandani msimu mzima wa baridi, na kila mbwa alipobweka aliuliza, “Ni yeye?” Alikufa akiuliza hivyo. Walipomaliza kumzika, Anyisile akawa anatuma maneno kwa kila kijana anayekwenda Tanga: “Ukimwona Gideoni wangu, mwambie baba yake amefariki. Mwambie aje, hata mikono mitupu.” Alituma kwa watu wa Matembwe, kwa watu wa Lupembe, hata kwa watu aliokutana nao barabarani asiojua majina yao. Jibu halikuja. Usiku aliomba mpaka maneno ya sala yakamwishia, akawa anataja jina tu.

Wakati huo ndipo Manase alipokuja, mdogo wake Kornelio. Hakuwa mtu mbaya. Alimpalilia shemeji yake shamba kabla ya kupalilia lake, na aliongea huku akitazama chini.

“Shemeji, mimi si adui yako.”

“Najua, shemeji. Kaa.”

“Efraimu wangu ameposa. Wazee wa upande wa binti wanauliza, nyumba hii ina msiba au haina? Mtu wenu wa Tanga mmemlilia au hamjamlilia? Hawataki kumtoa mtoto wao aingie kwenye ukoo wenye kilio kilichoning’inia. Nami niwajibu nini?”

“Wajibu haina msiba.”

“Basi mtoto yuko wapi?”

Manase akageuza kofia yake mikononi.

“Tumlilie, shemeji. Uifunike ile... ile yako ya ukutani, matanga yaishe. Kisha nikujengee nyumba karibu na yangu, ya matofali. Hii tuibomoe. Udongo wake tutautupia bustanini, unajua maboga yanavyopenda udongo wa ukuta wa zamani.”

Ndivyo watu wote wanavyofanya, na Manase alisema kwa wema. Lakini Anyisile alisikia kama mtu aliyesukumwa kifuani. Alimwona Tabea chini ya jembe. Akainuka, akaukinga ukuta kwa mgongo wake, mikono ameitandaza.

“Nikikifunika ndipo nitakuwa nimemwua,” alisema. “Shemeji, hapana. Mimi mwenyewe ndiye nitakayekuwa nimemwua.”

Manase akaondoka. Hakukasirika, ila harusi ya mwanawe ikawa imesimama mlangoni pa Anyisile, na kila mtu aliyepita aliiona.

Basi Anyisile akafunga safari, na Zipora akamfuata, mtoto mgongoni. Walianza Njombe. Karani wa bomani aliwasikiliza vizuri, akawaambia habari za watu wa mkonge huulizwa Makambako, kwenye kambi, malori yakishusha watu. Wakaendelea, wakilala njiani kwa Wakristo wenzao. Makambako wakakuta upepo. Upepo wa kule hauna mlima wa kuuzuia. Unavua mtu kanga, unatia vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Walikaa nje ya kambi, migongo imeegemea ukuta wa duka la Mhindi, na kila lori lilipofika Anyisile aliinuka akauliza kwa Kiswahili chake kidogo alichookota kanisani.

“Gideoni? Gideoni wa Njombe?”

Wengi walipita wakitikisa vichwa. Mmoja akamdhihaki, “Mama, Njombe nzima ni Gideoni na Manase. Sema namba!” Wenzake wakacheka. Yeye aliendelea kuuliza.

Aliyemjibu alikuwa dereva mmoja mnene wa pwani, aliyekuwa akinywa chai akiwa amekalia tairi.

“Gideoni wa Njombe? Yule wa shamba la bondeni? Namjua sana. Mzima yule.”

Anyisile alimshika mkono wenye kikombe, chai ikamwagika.

“Mzima?”

“Mzima, mama, taratibu, unaniunguza! Mzima, ila ana huzuni. Amefiwa na dada yake. Habari ilimfika kwa mdomo, akalia kama mtoto. Mkataba wake unaisha. Mvua zikikatika nitamleta mwenyewe kwa lori hili hili.”

Anyisile na Zipora walitazamana. Kisha Anyisile akaketi chini pale pale kwenye vumbi, akaanza kulia na kucheka, na Zipora akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti mpaka Mhindi akatoka dukani kutazama.

Sababu ni hii. Kwa Kibena, dada ni baba. Mtoto wa Kibena akimwita baba yake husema dada. Wanawake wale wawili waliishi katika lugha hiyo kuanzia asubuhi hadi usiku, na Kiswahili kwao kilikuwa cha Jumapili. Waliposikia “amefiwa na dada yake,” walisikia kwamba amefiwa na baba yake, na kwamba habari ilimfika kwa mdomo. Si ndiyo ile habari aliyoituma kwa kila mpita njia? Imefika! Kijana anajua, analia, anakuja.

Walirudi Matembwe kama watu wasiogusa ardhi. Anyisile alishuka bondeni akachota udongo mweupe, akapaka duara kulizunguka tundu la Gideoni, jeupe kabisa, kama mtu anayefagia njia ya mgeni. Watu walikuja kumpongeza. Manase alikuja na jogoo. Furaha ile ilikaa nyumbani mpaka Jumapili.

Jumapili, baada ya ibada, Anyisile alimshika njiani mwinjilisti Methusela, mtu mpole aliyesoma chuo, akamweleza yote neno kwa neno, hata chai iliyomwagika. Methusela alikuwa akitabasamu. Anyisile alipofika kwenye maneno ya dereva, tabasamu likaondoka.

“Mama, sema tena. Alisemaje huyo dereva?”

“Alisema, amefiwa na dada yake.”

“Alisema kwa Kiswahili?”

“Kwa Kiswahili, mtu wa pwani yule, Kibena angekipata wapi?”

Methusela alisimama akitazama kitabu chake cha nyimbo kana kwamba jibu limeandikwa kwenye jalada.

“Mama,” alisema, “kwa Kiswahili cha pwani, dada ni ndugu wa kike.”

Anyisile alimtazama. Maneno hayakuingia mara moja. Yalipoingia, aliyakataa.

“Gideoni wangu ni Mbena. Akifiwa na baba yake analia kwa Kibena. Dereva amelibeba neno kama alivyolikuta.”

“Inawezekana, mama.”

“Si ndiyo?”

“Inawezekana,” Methusela alirudia, na sauti yake ilikuwa ndogo. “Ila nisingependa uende kulipokea lile lori ukiwa hujui neno hilo lina sura mbili.”

Tangu hapo Anyisile hakupata tena usingizi wa kweli. Mchana alijiambia, ni Mbena, analia Kibena. Usiku alikumbuka kwamba dereva alikuwa mtu wa pwani. Kuna wakati alimlaani Methusela moyoni, kisha akapiga magoti kuomba msamaha kwa kumlaani mtumishi wa Mungu, kisha akainuka akamlaani tena. Aliomba vitu ambavyo alijua havifai kuombwa. Aliomba kwamba kama kuna mwanamke mahali fulani aliyepoteza binti, na kaka wa binti huyo anaitwa Gideoni, basi Mungu amwondoe mtu huyo kwenye lori na amweke wake. Alipojisikia akiomba hivyo alifunika mdomo kwa mkono.

Manase alisikia naye habari za neno lile. Akaja, akakaa mbali kidogo na ukuta.

“Shemeji, tukubaliane. Twende wote Makambako. Akishuka ni wetu, nitachinja ng’ombe na harusi zitakuwa mbili. Akishuka si wetu...”

“Akishuka si wetu,” Anyisile alimkatiza, “nitafunika.” Alisema hivyo haraka, kama mtu anayetema kitu cha moto.

Mvua zikakatika. Wakaenda, yeye na Zipora na Manase. Wakakaa pale pale, kwenye ukuta wa duka, upepo ukiwapiga. Lori lilipotokea lilikuwa jekundu kwa vumbi, watu wake pia wekundu, nyuso hazitambulikani. Dereva mnene aliruka chini, akamwona Anyisile, akapunga mkono kwa furaha.

“Mama! Mtu wako nimekuletea!” Akageuka akapiga kelele, “Gideoni! We Gideoni! Shuka, mama yako huyu hapa!”

“Naam!” sauti ikaitika kutoka juu.

Akashuka mtu mfupi, mpana mabega, sanduku la bati kichwani. Anyisile alitazama nyuma ya mtu huyo, akingoja mwingine ashuke. Alipoona hakuna, akatazama tena nyuma yake. Zipora alimshika kanga kwa nyuma asije akaanguka.

“Kamwene, mama,” yule kijana alisalimia, akishangaa, akiwatazama wote watatu, kisha akaendelea kwa Kiswahili. “Nimeitwa. Mimi ni Gideoni, wa Ipelele. Mama yangu hayuko hapa... Au mmeleta habari nyingine? Ya dada yangu nimekwisha kuisikia.”

Manase akavua kofia.

Ipelele, Makete, yote wakati ule ilihesabiwa Njombe. Kwa dereva wa pwani mtu wa Matembwe na mtu wa Ipelele walikuwa kitu kimoja. Hakudanganya. Alileta Gideoni wa Njombe aliyefiwa na dada yake, kama alivyosema.

Anyisile alipata sauti, ndogo sana, na alisema kwa Kikinga, lugha ya kwao, ambayo hakuwa ameisema miaka mingi.

“Baba, hukumwona mwingine wa jina lako?”

Kijana aliteremsha sanduku.

“Tulikuwa wawili,” alisema. “Watu walituita Gideoni Mrefu na Gideoni Mfupi. Mimi ndiye Mfupi.”

“Mrefu yuko wapi?”

Akamtazama yule mama vizuri sasa, mikono yake, kucha zenye udongo mweupe usiotoka. Uso wake ukabadilika.

“Ni wewe mama wa ukuta?”

Anyisile akaitazama mikono yake.

“Alikuwa akikusema,” kijana akaendelea, macho chini. “Tulikaa chumba kimoja. Siku tuliyokikandika alibonyeza kiganja chake ukutani, kikubwa vile, wenzetu wakamcheka. Akasema mama yangu asipoona hiki hatajua kuwa naishi hapa. Alichora na kuku kwa makaa, vifaranga vyote. Kisha ikaja homa, mama. Ilikuwa mvua za mwaka juzi. Ilimchukua upesi. Nilituma maneno kwa mtu wa Lupembe, lakini mtu huyo hakufika kwao, sijui aliishia wapi. Nisamehe.”

Mvua za mwaka juzi. Manase alihesabu kimya kimya, na Zipora akahesabu, na wote wakaona jambo lile lile: Gideoni alimtangulia baba yake. Kornelio alilala kitandani akiuliza “Ni yeye?” na aliyekuwa akimwulizia alikuwa amekwisha kuzikwa. Na yale maneno yote aliyoyatuma Anyisile barabarani yalikuwa yakimtafuta mtu asiyekuwapo.

Watu walidhani atapiga kelele. Hakupiga. Aliuliza jambo moja tu.

“Na kiganja chake?”

“Nilikifunika, mama.”

“Nani alikuambia ukifunike?”

“Bibi yangu Ipelele alifanya hivyo. Sikuweza kukiacha wazi, kilikuwa kikinitazama usiku. Udongo wa kule si mzuri, ni mchanga mtupu. Nilichanganya na majivu.” Akafikiri kidogo, kama anayetaka kumpa kitu na hana. “Kilishika vizuri.”

Hapo ndipo Anyisile alipoanguka vumbini. Maana kama mtu angemwambia tu kwamba amekufa, angekataa, angengoja lori jingine, na jingine. Lakini kiganja kimefunikwa, na kimefunikwa na mtoto wa kwao anayejua kwa nini kinafunikwa. Hakuwa tena na mlango wa kupitia. Alishikilia mguu wa suruali wa kijana yule, akatoa sauti ambayo Zipora alisema baadaye hakuwahi kuisikia kwa mtu wala kwa mnyama, na upepo ukaichukua.

Gideoni Mfupi hakwenda kwao siku ile. Alibeba sanduku lake akawasindikiza mpaka Matembwe, akakaa kwenye matanga kama mtoto wa nyumba.

Siku ya kumaliza matanga wanawake walikuja na udongo, lakini Anyisile alitaka kuuponda mwenyewe. Manase ndiye aliyekwenda kisimani kumchotea maji, mwanaume mzima na ndoo kichwani, na hakuna aliyecheka. Methusela alisali sala fupi. Kisha wakampisha.

Aliingiza vidole viwili kwenye tundu, kama alivyofanya mwanawe asubuhi ya kuondoka. Akaviacha humo. Mlangoni watu walisimama, na nje mtoto wa Zipora alikuwa akiita kuku. Alipovitoa, alijaza tonge la udongo, akashindilia. Likazama. Akajaza jingine. Tundu lilikuwa na kina kirefu, kina cha Tabea na Elieza na Kristina, likala udongo mpaka watu wakadhani halitajaa. Aliposawazisha, lile duara jeupe alilolipaka kwa furaha likapotea chini ya kiganja chake.

“Utamchoreaje, dada yangu?” Zipora alinong’ona, kisha akashtuka kwa neno lililomtoka.

Anyisile alisogea nyuma, akautazama ukuta wote, kuku na vifaranga, mianzi, lile lililoitwa jua, na mahali palipo pabichi. Alichukua brashi yake ya mwanzi. Akaishika muda mrefu, akairudisha kwenye kigae. Hakuchora kitu, na mpaka leo hapana kitu pale.

Efraimu alioa kabla ya msimu wa kupanda. Harusi ilipopita Manase akaja tena, akakaa, akaligusia lile la nyumba ya matofali kwa uangalifu, kama anayegusa kidonda. Safari hii Anyisile hakuukinga ukuta. Alikubali. Paa lilikuwa linavuja, na hakukuwa tena na mtu wa kuleta bati. Manase alipoinuka kuondoka, alimwita.

“Shemeji, nitahama. Ila ukuta huu msiupige jembe, wala udongo wake msiupeleke bustanini. Uacheni usimame, mvua iushushe yenyewe.”